Maji ya theluji ya Ruwenzori inapitia wapi?

Ndugu wanachama, wengi munatuuliza: theluji ya Ruwenzori ikiisha, mito yetu itakauka? Tufuate kwanza njia ya maji. Jua inayeyusha barafu juu. Maji inatiririka, inaingia ndani ya nyufa, inashuka mpaka kwenye jiwe. Pale inapita chini ya barafu na kuifanya iteleze polepole, kama mguu kwenye matope. Inatokea upande wa chini, inaingia mutoni Butahu, kisha Semuliki.

Mwaka 1906 barafu ilifunika zaidi ya kilometa za mraba 6. Leo haifiki 1. Lakini tuseme wazi: hiyo ni sehemu ndogo sana ya maji yetu. Kubwa ni ya mvua, inayotunzwa na msitu na vinamasi vya mulimani. Kule ndiko miti inakatwa.