Kabla ya Kukunyima Kazi kwa Sababu ya Deni, Wakuonyeshe Karatasi

Msomaji mmoja wa Louisville, Kentucky, mama aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Marekani, ameniandikia barua ambayo nimekwisha kuipokea kwa sura nyingi kutoka kwa watu wengi. Alifanya usaili wa kazi ya ofisini, akaambiwa amepata, akatumiwa fomu kwenye simu, akazisaini. Baada ya hapo kimya. Kila akipiga, meneja hayupo. Mwishowe karani mmoja akamnong'oneza kwamba krediti yake si nzuri. Anauliza: wana haki ya kuninyima kazi kwa sababu ya deni? Na ni deni gani, maana mimi sidaiwi na mtu?

Jibu la swali la kwanza litakuudhi, dada yangu. Kwa Kentucky, ndiyo, mwajiri anaruhusiwa kuangalia madeni yako. Sheria ya taarifa za mikopo ya mwaka 1970, inayojulikana kwa kifupi kama FCRA, haimkatazi. Inamtaka afuate utaratibu tu, na ni katika utaratibu huo watu wetu wanapoporwa haki yao.

Kwanza ni idhini. Mwajiri haruhusiwi kuchukua ripoti yako ya mikopo bila kukuarifu kwa maandishi, katika karatasi isiyo na jambo jingine, nawe ukakubali kwa maandishi. Isiyo na jambo jingine: sheria inasema hivyo waziwazi. Hata hivyo waajiri huchomeka humo kifungu cha kuwasamehe makosa yao yote kabla hawajayatenda. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, katika kesi ya Syed dhidi ya kampuni ya M-I, iliamua kwamba kuchomeka msamaha wa namna hiyo ni kuvunja sheria. Najua hali ilivyo: kurasa tele kwenye kioo kidogo cha simu, Kiingereza cha mawakili, na meneja anataka fomu zirudi leo hii. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kubonyeza.

La pili ndilo zito zaidi, na ndilo ulilonyimwa. Kabla mwajiri hajakunyima kazi kwa sababu ya kilichoandikwa katika ripoti hiyo, lazima akupe nakala ya ripoti yenyewe pamoja na karatasi ya muhtasari wa haki zako. Akishaamua kukukataa, akuarifu tena: ni kampuni gani iliyompa taarifa, inapatikana wapi, na kwamba una siku 60 za kuiomba ripoti yako bure. Wewe hukupewa nakala wala hukuarifiwa. Ulinong'onezwa. Mwajiri anayekaa kimya namna hiyo anajua anachofanya: asiyeiona karatasi hawezi kuipinga, na mgeni wa nchi hii ataona aibu kuuliza. Usione aibu. Waandikie leo, kwa barua pepe, uombe nakala ya ripoti waliyoitumia na jina la kampuni iliyoitoa.

Lakini hata mwajiri akifuata yote hayo, sheria yenyewe inachechemea. Haikutaja siku ngapi zipite kati ya kukupa nakala na kukukataa. Waajiri wengi wameshika siku tano za kazi, kutokana na maoni yaliyowahi kutolewa na maofisa wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. Wakati huohuo, ukipinga kosa katika ripoti, kampuni ya kumbukumbu za mikopo inapewa siku 30 kuchunguza. Linganisha mwenyewe. Kosa litasahihishwa wakati kiti kimeshakaliwa na mtu mwingine. Bunge lingeweza kuziba pengo hili kwa sentensi moja, kwamba nafasi isubiri mpaka uchunguzi uishe, na halijafanya hivyo tangu kipengele hiki kiongezwe mwaka 1996. Na karatasi hiyo ya haki zako hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri kuitoa kwa lugha unayoisoma.

Kwa hiyo dawa ni kutangulia. Ripoti zako za kampuni tatu za kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, unaweza kuzisoma bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com, na kuzisoma mwenyewe hakukupunguzii alama ya mikopo. Mwajiri, kwa taarifa yako, haoni ile alama inayozungumzwa sana. Anaona orodha ya madeni na namna ulivyoyalipa.

Sasa deni gani? Kwa wakimbizi, mara nyingi la kwanza ni mkopo wa tiketi ya ndege wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Hauna riba, huanza kudaiwa miezi michache baada ya kufika, na mashirika mengi yanayoukusanya huripoti malipo yake. Umehama nyumba, barua zimebaki anwani ya zamani, nawe umehesabiwa mkaidi. La pili ni gari la shemeji au la mtoto wa ndugu: ulisaini kumdhamini, akaacha kulipa, doa likakuangukia wewe. Udugu ni kitu chema, lakini kwa sheria za hapa aliyesaini naye ni mdaiwa kamili. Bili za hospitali pia zimo humo, ingawa tangu 2022 kampuni hizo tatu zimeondoa zilizokwisha kulipwa, na tangu 2023 zilizo chini ya dola 500.

La tatu ni deni la mtu mwingine kabisa, na hili linanitia hasira kuliko yote. Wakimbizi wengi walioandikishwa bila cheti cha kuzaliwa walipewa tarehe moja, Januari 1. Majina ya ukoo yanafanana, jina la baba limewekwa mbele kwenye karatasi hii na nyuma kwenye ile. Kompyuta inayotafuta wanaofanana itawakuta kwa mamia. Mwaka 2011, huko California, Sergio Ramirez alinyimwa kuuziwa gari kwa jina lake kwa sababu TransUnion ilimwekea alama ya mtu anayeweza kuwa katika orodha ya serikali ya magaidi na wauza dawa za kulevya. Kampuni ilikuwa imelinganisha jina la kwanza na la mwisho tu. Waathirika katika kesi yake walikuwa 8,185, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ni 1,853 tu walio na haki ya kudai fidia kwa kosa hilo, yaani wale ambao ripoti zao zilipelekwa kwa mtu wa nje. Waliobaki, alama ilikuwa kwenye mafaili yao vilevile, lakini mahakama haikuona madhara. Ndiyo maana kila ushahidi kwamba ripoti yako ilimfikia mwajiri ni mali.

Tahadhari na wale wanaotangaza kwamba watakusafishia krediti. Baadhi yao ni wa kwetu, wanazungumza Kiswahili kizuri na kuomba mamia ya dola mbele. Sheria ya mwaka 1996 inawakataza kupokea hata senti kabla ya kumaliza kazi, na inakupa siku tatu za kazi za kuvunja mkataba. Anayekuuzia namba mpya uitumie badala ya namba yako ya hifadhi ya jamii anakupeleka jela. Kosa la kweli unaweza kulipinga mwenyewe, bure.

Tuje kwenye rangi, kwa sababu swali la deni halimwangukii kila mtu sawa. Takwimu za Benki Kuu ya Marekani za mwaka 2022 zinaonyesha familia ya Wazungu ya kati ilikuwa na mali ya dola 285,000, ya Weusi dola 44,900. Pengo hilo kwa sehemu lilijengwa na mabenki yaliyokataa kukopesha mitaa ya Weusi, vizazi kwa vizazi. Asiye na akiba akiugua huchelewesha bili. Akichelewesha bili hunyimwa kazi. Akinyimwa kazi atalipa na nini? Na kipimo chenyewe hakina msingi: mwaka 2010 mwakilishi wa TransUnion, Eric Rosenberg, alikiri mbele ya wabunge wa Oregon kwamba hawakuwa na utafiti wowote unaounganisha ripoti ya mikopo na utendaji kazi au ulaghai.

Kuna sheria ya haki za kiraia ya 1964, na kesi ya Griggs ya 1971 ilisema kipimo kinachowaangusha Weusi zaidi bila kuhusiana na kazi ni haramu hata pasipo nia mbaya. Lakini tume ya usawa kazini, EEOC, ilipoishtaki kampuni ya elimu ya Kaplan kwa ukaguzi wa mikopo, ilishindwa mwaka 2014 katika mahakama ya rufaa inayosimamia hata Kentucky. Ilikuwa imewaweka watu kukisia rangi za waombaji kwa kutazama picha za leseni, na yenyewe ilikuwa ikikagua mikopo ya waombaji wa nafasi zake 84 kati ya 97. Aprili 2025 Rais Trump aliagiza madai ya aina hii yasipewe kipaumbele.

Wapo wanauchumi walioona kwamba majimbo yaliyopiga marufuku ukaguzi huu hayakuwainua Weusi, pengine yaliwarudisha nyuma, kwa kuwa mwajiri aliyenyimwa ripoti alirudi kukisia. Sioni hilo kuwa sababu ya kuuacha ukaguzi uendelee. Naona ni sababu ya kuubana ukisiaji pia.

Illinois, inayotazamana na Kentucky kwa mto Ohio, imewakataza waajiri wengi tangu 2011. California, Oregon na jiji la New York nako kuna makatazo, yote yakiwa na misamaha, hasa kwa kazi za benki na polisi. Wewe wa Louisville umebaki na FCRA na haki za kiraia. Malalamiko ya ubaguzi yafike EEOC ndani ya siku 300 kwa Kentucky. Hata wakiyafunga, omba barua ya kukuruhusu kwenda mahakamani mwenyewe, kwa kuwa kanuni ile ya kesi ya Griggs iliandikwa na Bunge katika sheria mwaka 1991 na amri ya rais haiifuti. Kwa FCRA una miaka miwili tangu ulipojua kosa. Ukishinda, mwajiri ndiye anayelipa wakili wako, ndiyo maana wapo mawakili wanaopokea kesi hizi bila kudai pesa mbele. Wapelekee zile picha za fomu, barua pepe uliyoomba nakala, na tarehe ya kila simu uliyopiga.