Magugu Maji: Mbawakawa au Dawa?

Magugu maji yakiziba mwalo, mtumbwi hautoki na uliotoka hautii nanga. Ndiyo maana wavuvi wa Ziwa Victoria wanauliza: kwa nini yasipuliziwe dawa yakafa yote?

Dawa inayaua kweli, tena ndani ya wiki chache. Lakini magugu mengi yakifa kwa mpigo huzama na kuoza, na kuoza huko kunamaliza oksijeni ambayo sato na sangara wanaitegemea. Maji hayo hayo ndiyo yanayotekwa kwa kunywa na kupikia. Usimwage kiuagugu ziwani, hata kile ulichozoea kukitumia shambani.

Mmea huu ulitoka Amerika Kusini, ukaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 bila wadudu wanaoula huko kwao. Uganda ikaanza kuachia ziwani mbawakawa wa aina mbili wanaoula mwaka 1995. Kenya na Tanzania zikafuata. Kufikia mwisho wa muongo huo magugu yalikuwa yamepungua sana, ingawa mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997/98 nayo yalichangia.

Utajuaje kama wapo?

Mbawakawa ana urefu wa nusu sentimita hivi, na mchana hujificha katikati ya mmea. Ni rahisi zaidi kuangalia majani: akila huacha vidoa vidogo vya kahawia, kila kimoja na umbo la mstatili. Kisha pasua bua. Ukikuta njia iliyochimbwa na funza mweupe ndani yake, umempata mharibifu mkuu. Funza huyo, mtoto wa mbawakawa, hushuka hadi kwenye shina, maji yakaingia, mmea ukaoza. Msihofie mahindi wala mpunga: wadudu hawa hawawezi kuzaliana humo.

Kasi yao ni ndogo. Kutoka yai hadi mdudu mzima hupita miezi mitatu au minne, ilhali magugu yanayolishwa na majitaka na mbolea huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo mikono bado inahitajika. Ng'oeni kwenye njia za mitumbwi na mahali pa kuteka maji, muyaache ya pembeni yenye vidoa ili wadudu wazaliane. Mliyong'oa yaanikeni mbali na ufuko, kwa sababu mbegu zikiingia kwenye tope huweza kuota hata baada ya miaka 15.

Mwalo wenu ukikosa vidoa kabisa, mwambieni ofisa uvuvi. Msihamishe mimea wenyewe kutoka mwalo mwingine.