Bomba Likikauka, Usiamini Maji ya Kwanza



Katika nchi za Ulaya, wakati wa baridi maji huganda ndani ya mabomba ya nyumba. Yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 kwa 100, na nguvu hiyo hupasua hata chuma. Kwetu Lubumbashi, baridi ya Juni na Julai hututetemesha usiku, lakini haigandishi bomba. Shida yetu ni nyingine: bomba hukauka.

Hatari iko wapi?

Bomba lenye tundu, maji yakiwa na nguvu, huvuja nje. Umeme ukikatika na pampu ikisimama, nguvu hiyo huisha. Hapo mambo hugeuka: tundu lile lile huvuta ndani maji machafu ya mfereji na ya choo yaliyo ardhini. Maji yakirudi usiku wa manane, uchafu huo ndio unaotangulia kuingia katika bidoni yako. Huenda una vijidudu vya kolera, vya tifoidi au vya kuhara damu. Macho hayavioni.

Kazini hatushiki waya kwa sababu tu taa imezimika. Kwanza tunahakikisha. Nyumbani tufanye vile vile na maji.

Maji yakikatika:
1. Funga robine zote.
2. Toa mpira wa maji ndani ya beseni au pipa. Ukiachwa umezama, bomba litanyonya maji ya kufulia.

Maji yakirudi:
3. Yale ya kwanza yakinge katika ndoo ya kusafishia choo. Ngoja mpaka yatoke safi.
4. Maji ya kunywa yachemshe. Yakitokota kwa nguvu, hesabu dakika 1 nzima, kisha funika.
5. Makala yakikosekana, tumia maji ya javeli yasiyo na manukato. Kama chupa inaonyesha klori 5 kwa 100, tia matone 2 kwa lita 1 ya maji maangavu. Ngoja dakika 30.
6. Bidoni iwe na kifuniko. Usichovye kikombe wala mkono, mimina.

Kila mwezi:
7. Fuata njia ya bomba lako kiwanjani. Ardhi yenye unyevu wakati wa kiangazi inaonyesha tundu. Bomba linalopita ndani ya mfereji lihamishwe.

Mtu akianza kuhara maji mengi, usingoje asubuhi. Katika lita 1 ya maji salama, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo, huku mkimpeleka dispanseri. Kolera inaweza kuua mtu mzima kwa saa chache, na mtoto hukauka upesi zaidi.

Baba anayetoka zamu ya usiku na kiu asikimbilie robine. Amkute mama amemwekea maji yaliyochemshwa.

Bomba lilikauka? Maji ya kwanza si ya kunywa!