Ramani ya Simu Ikufikishe Huduma, Ila Usilipe Namba Uliyoiokota Huko

Tuseme umeingia Machakos mjini saa tatu usiku ukitoka Masii, mtoto ana homa kali. Hujui hospitali iko upande gani. Simu iko mkononi, lakini betri inaisha na bando ni ndogo. Fanya hivi:

1. Washa Mahali. Nenda kwenye mipangilio ya simu, gusa "Mahali", kisha ruhusu programu ya ramani kuitumia wakati imefunguliwa tu. Ukimaliza, izime. Betri itadumu.

2. Andika jina kamili. Ukiandika "hospitali" tu, unaweza kuletewa kliniki iliyofungwa saa kumi na moja jioni. Andika "Machakos Level 5 Hospital". Hiyo ndiyo hospitali ya rufaa ya kaunti.

3. Angalia mji. Ukitafuta steji ya Machakos, ramani inaweza kukuonyesha Machakos Country Bus, ambayo iko Nairobi, zaidi ya kilomita 60 kutoka hapo ulipo! Soma umbali kwanza ndio uanze safari.

4. Pakua ramani mapema. Ukiwa na Wi-Fi, hifadhi ramani ya Machakos kwenye simu. Bando likiisha, GPS bado itakuonyesha ulipo, kwa sababu inasoma setilaiti, haitumii intaneti.

Sasa tufike kwenye pesa. Kwenye ramani nyingi, mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko ya jina au namba ya simu ya mahali. Kwa hivyo ukipiga namba uliyoikuta huko na unaambiwa, "Tuma 500 ya faili kwanza, daktari anakungoja," usitume. Tapeli anajua una wasiwasi, na haraka yako ndiyo mtaji wake.

Fika kwanza, halafu ulipe. Ukiwa kwa dirisha la malipo, omba namba ya Paybill na namba ya akaunti. Soma jina la anayepokea kabla ya kukubali muamala. Likiwa jina la mtu binafsi badala ya jina la hospitali au ofisi, simamisha na uulize. Kwa huduma za serikali kuu zinazolipiwa kupitia eCitizen, kama zile za Huduma Centre, Paybill ni 222222. Karani akikupa namba yake mwenyewe, kataa kwa heshima.

Je, umeshatuma? Usione haya kusema. Pigia huduma kwa wateja papo hapo ukiwa na ujumbe wa muamala, kabla pesa haijatolewa kwa wakala.

Na kama hali ni ya dharura kabisa, wacha ramani. Piga 999 au 112 bila malipo.

Leo jioni, kabla hujalala, tafuta hospitali ya umma iliyo karibu na kwako, uihifadhi kwenye ramani. Siku ya shida hutakuwa na muda wa kujifunza.