KURA TATU ZA TABORA NA UGOMVI WA NCHI TAKATIFU

Somo la kuzungumzwa nyumbani

Siku hizi habari za Nchi Takatifu huingia katika nyumba zetu kila jioni. Hapa Isevya, mtaa wetu wa Tabora ambamo Mkristo na Mwislamu hukaa ukuta kwa ukuta, twasikia watu wakigawanyika kabla hawajasikilizana. Mmoja husema, “Israeli ni taifa la Biblia, basi lisiguswe.” Mwingine hujibu, “Wapalestina ni ndugu zetu wa dini, basi kila watendalo ni haki.” Na katikati ya maneno hayo limeingia neno moja zito, apathaidi. Wengine hulirusha kama jiwe, na wengine hulikasirikia hata kabla ya kuuliza maana yake. Majirani waliozoea kuzikana na kuozeshana huondoka barazani bila kuagana.

Ndiyo maana tumeona yafaa jambo hili liwe somo la juma hili. Kwanza twatafuta mizani ya kulipimia, na mizani hiyo hatuna haja ya kuiazima ng’ambo. Mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara ya Ujiji na Bagamoyo, ambapo watu wengine walipita huru na wengine walipita wamefungwa minyororo. Nao wazee wetu, mwaka 1958, walikutana papa hapa Tabora kuamua wafanye nini na sheria iliyowapima watu kwa rangi.

Neno na maana yake

Apathaidi ni neno la lugha ya Makaburu wa Afrika Kusini, na maana yake ni utengano. Chama cha Makaburu kiliposhika serikali mwaka 1948, kiliufanya ubaguzi uliokuwapo tangu zamani kuwa mpango kamili wa sheria. Mwaka 1950 iliamriwa kila mtu aandikwe rangi yake katika daftari la serikali, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuwagawia watu mahali pa kukaa kwa rangi zao. Mtu mweusi alilazimika kuchukua pasi ili atembee katika nchi aliyozaliwa. Utawala huo ulikoma kwa uchaguzi wa mwaka 1994.

Lakini neno halikuzikwa pamoja na utawala huo. Mwaka 1973 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuikomesha na kuiadhibu apathaidi popote itakapoonekana. Mwaka 1998 Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, uliliandika kosa hilo miongoni mwa makosa dhidi ya ubinadamu. Kwa ufupi, lina sehemu tatu: kundi moja kulitawala jingine kwa mpango uliowekwa, kuligandamiza kwa matendo yasiyo ya kiutu, na kukusudia utawala huo udumu. Basi si lazima nchi ifanane na Afrika Kusini kwa kila kitu ndipo ishtakiwe. Wala si kila ubaguzi, hata uwe mchungu namna gani, wastahili jina hilo.

Nchi mbili chini ya mdhamini mmoja

Tanganyika na Palestina ziliwahi kutembea njia moja. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, katika mwezi uleule wa Julai 1922, Ushirika wa Mataifa ulithibitisha kwamba nchi zote mbili ziwe chini ya udhamini wa Uingereza. Hazikutolewa ziwe mali yake. Zilitolewa kama amana.

Palestina, amana ilivunjika kwa vita. Wayahudi wengi walikuwa wametafuta kimbilio huko, na baada ya Wanazi kuwaua Wayahudi wapatao milioni 6, haja ya kimbilio ilizidi. Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulishauri nchi igawanywe. Mei 1948 Uingereza iliondoka, na katika mapigano ya miaka hiyo Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa. Juni 1967 Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu ya Mashariki na Gaza. Toka hapo ndipo tunaposema juu ya nchi iliyokaliwa na jeshi la wengine.

Hapa kwetu hapakuwa na vita vya namna hiyo, lakini kulikuwa na dhuluma. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi hiyo iwe ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuyaeleza mashtaka ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Safari ile haikuwarudishia ardhi, ila iliufanya ulimwengu usikie.

Kisha ikaja hesabu ya viti. Mwaka 1955, katika Baraza la Kutunga Sheria, viti 30 vya wajumbe wasio wa upande wa serikali viligawanywa: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8. Waasia pamoja na Waarabu hawakufika 100,000. Wazungu walikuwa karibu 20,000. Mgawo huo uliitwa usawa. Ulipokaribia uchaguzi, sheria ikataka mpiga kura awe na elimu ya darasa la 8, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Tena ilimpasa achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyemchagua mmoja tu, kura yake iliharibika. Hizo ndizo kura tatu.

Uamuzi wa Tabora

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake wa mwaka Tabora. Wajumbe wengi waliona ni aibu kushiriki uchaguzi wa namna ile, wakataka waususe. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mwanafunzi hapa Tabora na baadaye mwalimu wa St. Mary’s, aliwasihi waingie ili waibomoe sheria hiyo kutoka ndani. Wengi walimkubali. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitenga na kuunda chama cha African National Congress. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959, TANU iliwaunga mkono wagombea Waafrika, na pamoja nao Waasia na Wazungu walioafiki shabaha zake, kama Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Ushindi ukawa mkubwa, na neno la Tabora likaitwa Uamuzi wa Busara.

Tuangalie vema walichokifanya. Waliichukia sheria, lakini hawakumfanya kila Mzungu kuwa adui. Walijua kosa lilikuwa katika mizani iliyompa mtu uzito kwa asili yake. Kutokana na mambo waliyoyapata wazee hao twaweza kutoa maswali matatu yafaayo kuulizwa popote. Je, watu wawili wakaao katika nchi moja huhukumiwa kwa sheria moja? Je, ardhi ya mmoja huweza kutwaliwa apewe mwingine kwa sababu ya asili yake? Je, anayetawaliwa ana sauti katika kumchagua anayemtawala?

Mizani ikipelekwa Palestina

Tuyaulize hayo katika Ukingo wa Magharibi. Mpalestina akishtakiwa na wenye kuikalia nchi, huhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Mlowezi wa Kiisraeli akaaye kilima cha pili huhukumiwa kwa sheria ya kiraia ya Israeli. Walowezi wapatao 500,000 wamejengewa makao huko, bila kuwahesabu wa Yerusalemu ya Mashariki, ingawa Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 wamkataza mkaliaji kuhamishia watu wake katika nchi aliyoiteka. Mlowezi hupiga kura ya kulichagua bunge la Israeli. Jirani yake Mpalestina hapigi, ijapokuwa jeshi la dola hiyo ndilo limwekealo vizuizi vya njia. Mapatano ya miaka ya 1990 yaliwapa Wapalestina mamlaka yao wenyewe, lakini karibu asilimia 60 ya Ukingo ilibaki chini ya usimamizi kamili wa Israeli.

Kwa sababu hizo B’Tselem, shirika la haki za binadamu la Israeli yenyewe, lilitumia jina la apathaidi Januari 2021. Human Rights Watch likafuata Aprili 2021, na Amnesty International Februari 2022. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya ushauri, ilisema kuwako kwa Israeli katika nchi iliyokaliwa ni kinyume cha sheria. Ilisema pia kwamba Israeli imekiuka kifungu cha mkataba kikatazacho utengano wa rangi na apathaidi, ila haikubainisha ni lipi kati ya hayo mawili.

Hoja za upande wa pili

Haki yataka tusikilize na jibu. Serikali ya Israeli yalikana jina hilo kabisa. Yasema ugomvi ni wa mataifa mawili na wa usalama, wala si wa rangi. Yakumbusha kwamba Waarabu walio raia wake, karibu sehemu moja ya tano ya watu wote, hupiga kura, huketi bungeni na huwa mahakimu. Tena hofu ya watu wake si ya kubuni. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 na kuteka 251. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Hakuna dhuluma iwezayo kukihalalisha kitendo kile. Wala kitendo kile hakiwezi kuwa ruhusa ya lolote litakalofuata: kufikia mwisho wa Julai 2025 Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu wafu zaidi ya 60,000.

Twakiri kwamba hoja ya uraia ina uzito kwa habari ya Israeli yenyewe, ndani ya mipaka ya kabla ya 1967, ingawa sheria ya mwaka 2018, isemayo kuwa haki ya taifa kujiamulia mambo yake huko ni ya Wayahudi peke yao, imewaachia raia Waarabu uchungu wa haki. Lakini katika Ukingo wa Magharibi twaona mambo ni wazi. Usalama waweza kueleza kizuizi cha barabarani. Hauwezi kueleza kwa nini jamaa ya raia ijengewe nyumba juu ya ardhi ya mwingine. Maswali yetu matatu hupata huko majibu tuliyoyajua sisi wenyewe.

Mtu akilikataa jina, aliangalie jambo. Watawala wetu wa zamani hawakuziita kura tatu kuwa ubaguzi. Waliziita ushirikiano wa mataifa. Jina zuri halikuiponya kura iliyoharibika.

Onyo kwetu sote

Mizani hii humpima na aliyeonewa. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wajumbe wa Baraza letu walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu alikataa kwa ukali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Vivyo hivyo, anayewatetea Wapalestina kwa kuwachukia Wayahudi amegeuza mizani tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake Nostra Aetate la 28 Oktoba 1965, ulihuzunikia chuki yoyote iliyopata kuelekezwa kwa Wayahudi, wakati wowote na kutoka kwa yeyote.

Kusema na pande zote mbili si usaliti. Kiti Kitakatifu kilipatana na Israeli mwaka 1993, kikatia sahihi mapatano na Dola la Palestina mwaka 2015. Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, ikaurudisha mwaka 1995, ikafungua ubalozi Tel Aviv mwaka 2018, bila kuacha kusema kwamba Wapalestina wana haki ya kuwa na dola lao.

Basi, wazazi, jioni habari zitakaposomwa, msiwaulize watoto wako upande gani. Waulizeni haya:

1. Je, sheria ya kura tatu ilikuwa mbaya kwa sababu iliwaonea watu wetu, au ingekuwa mbaya hata kama ingewaonea wengine?

2. Je, twaweza kumlilia Mwisraeli aliyeuawa na Mpalestina aliyepokonywa shamba, bila kumnyima mmoja machozi ili kumpa mwingine?

3. Je, katika mtaa wetu yuko mtu tunayempima kwa kabila au dini yake kabla ya kumsikiliza?

Na kama juma lililopita mliondoka barazani bila kumuaga jirani, mwendeeni kesho, mkae, mlianze neno hili upya.