Dondoo Muhimu: Kutengeneza chembe duara za polima zinazonasa molekuli

Chembe hizi huwa na vishimo vinavyolingana na molekuli moja teule. Mwaka 1993, kundi la Klaus Mosbach wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, lilitumia polima za namna hii kupima teofilini, dawa ya pumu, katika seramu ya damu.

• Pima kwa moli. Uwiano mzuri wa kuanzia ni 1:4:20, yaani kiolezo (molekuli teule, hapa teofilini), asidi ya methakriliki (monoma) na kiunganishi cha minyororo ya polima.

• Tumia kiyeyusho kingi. Katika asetonitraili, monoma zikiwa asilimia 2 hadi 5 hivi, polima hujitenga yenyewe kama chembe duara. Ukizidisha monoma, utapata bonge gumu.

• Ondoa oksijeni. Pitisha naitrojeni kwenye mchanganyiko kwa dakika kadhaa, kisha ziba chupa barabara. Oksijeni huzima mmenyuko.

• Pasha kwa utulivu. Nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa 24, chupa ikizungushwa polepole. Mchanganyiko mwangavu utageuka mweupe kama maziwa.

• Osha hadi kiolezo kiishe. Tumia methanoli na asidi ya asetiki, 9 kwa 1, na ukipime kioevu cha mwisho cha kuoshea. Kiolezo kilichobaki kitavuja baadaye na kuharibu vipimo vyako.

• Tengeneza polima pacha bila kiolezo. Bila kulinganisha nayo, huwezi kudai kwamba vishimo ndivyo vinavyonasa.

• Jikinge. Asetonitraili ni sumu na hushika moto upesi: fanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa na glavu na miwani.