Joto na Kiu ya Ubao

Mtumbwi uliovutwa nchi kavu ufukoni Busisi na kuachwa juani majuma kadhaa huvuja siku urudishwapo ziwani. Maungio ya mbao yameachana, na fundi hana budi kuyakalafati upya kwa pamba. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewaondolea wasafiri adha ya kungoja kivuko. Lakini mitumbwi mingi ya wavuvi ingali ya mbao, na kwao uvujaji ni jambo la uhai.

Sababu imo katika kuta za chembe za mti, zilizojengwa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini. Hemiselulosi ndiyo yenye kiu kubwa: hunasa hata unyevu wa hewani. Maji yakiingia, kuta huvimba, yakitoka, husinyaa. Hayo hutokea unyevu uwapo chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu. Maji yanayozidi hapo hujaza matundu tu, wala hayaongezi upana. Ubao wa sentimita 20 ukisinyaa kwa asilimia 4 hupungua milimita 8. Urefu wake haubadiliki sana, ndiyo maana nafasi hufunguka ubavuni.

Kukausha kwa jua hakuondoi kiu hiyo. Huondoa maji, nayo yatarudi. Mambo huwa mengine ubao ukipashwa joto la digrii 160 hadi 230 za Sentigredi ndani ya mvuke, mbali na oksijeni, kwa saa kadhaa, kama ilivyoanza kufanywa kibiashara nchini Finland katika miaka ya 1990. Hemiselulosi huvunjika. Ubao hupungua uzito, hugeuka kahawia hadi kiini chake, na unyevu unaoushika huweza kupungua kufikia karibu nusu. (Jaribio hili lisifanywe juu ya jiko la mkaa: penye hewa, ubao utawaka.)

Je, mvule wa mtumbwi upashwe joto hivyo? Mwanafunzi asiharakishe jibu. Hemiselulosi ndiyo inayounganisha nyuzi za selulosi na lignini. Ikivunjika, ubao hukatika ghafla badala ya kupinda, na kadiri joto lilivyokuwa kali ndivyo nguvu zinavyopungua. Ubao huo wafaa fremu za madirisha, ingawa mchwa hawautishiki. Taruma linalopigwa na mawimbi hutaka ustahimilivu kwanza. Mvuvi wa Busisi atapata nafuu zaidi akiuweka mtumbwi wake kivulini na kuumwagia maji kila jioni.